Bei ya Neno la Kustaafu

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu watakaostaajabu kuona safu hii leo imeacha karafuu, bandari na bei ya mchele, ikavuka bahari kwenda kuzungumzia mchezo unaochezwa juu ya barafu. Mpira wa magongo tuujuao sisi ni ule wa uwanja mkavu, ambao timu ya Tanzania iliucheza katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huu wa Canada na Marekani ni mwingine, na pengine wengi wetu hatutauona kwa macho yetu maisha. Lakini si mchezo wenyewe tunaoutaka leo. Tunachotaka ni hesabu zake, kwani katika ligi kuu ya huko limetokea jambo ambalo kila mwenye kuandika kanuni, kila mwenye kutia saini mkataba kwa niaba ya umma, na kila aliyewekewa kiwango cha matumizi asichoruhusiwa kukivuka, anastahili kulifahamu.

Tuanze na asili yake. Msimu wa 2004-05 haukuchezwa hata mchezo mmoja. Wenye timu waliwafungia milango wachezaji wakisema kwamba mishahara imekuwa mikubwa kupita kiasi, na kwamba timu za miji midogo zinakaribia kuzama ilhali zile za miji ya kitajiri zinanunua kila mchezaji mahiri. Walipopatana mwaka 2005 waliweka ukomo wa mishahara: kwa msimu wa 2005-06 hapana timu iliyoruhusiwa kuwa na mishahara inayozidi dola milioni 39. Uliwekwa pia mpaka wa chini, ili timu isije ikajaza wachezaji wa bei rahisi na kutia faida mfukoni. Fauka ya hayo, walikubaliana kwamba wachezaji wote kwa jumla watapata sehemu maalumu ya mapato ya ligi. Na ikitokea kwamba wamelipwa zaidi ya sehemu hiyo, kinachozidi hukatwa katika mishahara ya wote. Tunawaomba wasomaji waliweke akilini sharti hili la mwisho, maana tutalirudia.

Hadi hapo mambo ni mazuri. Ila waandishi wa mapatano hayo walipaswa kujibu swali moja dogo: mchezaji mwenye mkataba wa miaka mingi, ambao mshahara wake unapanda na kushuka, ahesabiwe vipi chini ya ukomo? Walijibu kwamba fedha zote za mkataba zijumlishwe, zigawanywe kwa idadi ya miaka, na wastani utakaopatikana ndio uhesabiwe kila mwaka, bila kujali alicholipwa hasa mwaka ule. Jibu hilo ni jepesi na lina sura ya uadilifu. Karani yeyote angelipenda.

Kisha wakaongeza kanuni ya pili. Mchezaji akistaafu kabla ya mkataba kwisha, wastani wake unafutwa katika hesabu ya timu, isipokuwa kama mkataba ulianza akiwa amekwisha kutimiza umri wa miaka 35. Nayo, ukiitazama peke yake, haina ila. Kwa nini timu ihesabiwe mtu asiyekuwapo?

Kanuni hizi mbili, kila moja ikiwa peke yake, hazina madhara. Zikiwekwa pamoja ni mlango ulioachwa wazi usiku. Maana ikiwa wastani ndio unaohesabiwa, timu yenye akili itarefusha mkataba kwa kuongeza miaka ya mwisho yenye mshahara mdogo sana, ili wastani ushuke. Na ikiwa kustaafu kunafuta kila kitu, basi mchezaji hatakuwa na sababu ya kuitumikia miaka hiyo, wala timu haitamdai. Miaka hiyo imeandikwa ili igawanye tu.

Haikuchukua muda mrefu mawakala na mameneja kuuona mlango huo. Mwaka 2009 Chicago Blackhawks walimpa Marian Hossa, mtu wa miaka 30, mkataba wa miaka 12, ambao katika miaka minne ya mwisho ungemlipa dola milioni 1 tu kwa mwaka. Mwaka ule ule Vancouver Canucks walimfunga mlinda lango wao Roberto Luongo kwa miaka 12 na dola milioni 64: angelipwa milioni 10 katika mwaka wa kwanza, na milioni 1 katika kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho, atakapokuwa amevuka umri wa miaka 40. Hesabu ya ukomo haikuyaona yote hayo. Iliona dola milioni 5.33 kila mwaka, basi.

Mwaka 2010 New Jersey Devils wakapita kiasi. Walimwandikia Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17 wa dola milioni 102. Milioni 95 kati ya hizo zingelipwa katika miaka kumi ya mwanzo, mitano kati yake ikiwa ya milioni 11.5 kila mmoja. Na katika miaka mitano ya mwisho angepata dola 550,000 tu kwa mwaka, mpaka afike umri wa miaka 44. Wastani wake ulikuwa milioni 6. Yaani mtu anayelipwa milioni 11.5 angehesabiwa kama analipwa takriban nusu yake.

Ligi iliukataa mkataba huo. Shauri likapelekwa kwa msuluhishi, Richard Bloch, naye mwezi wa Agosti mwaka 2010 akakubaliana na ligi kwamba mkataba ulikusudiwa kuukwepa ukomo. Timu na mchezaji wakarudi mezani wakatoka na mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 100, nao ukapita. Hata hivyo New Jersey walitozwa faini ya dola milioni 3 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua vijana wapya, ingawa mwaka 2014 adhabu hiyo ilipunguzwa sana. Miaka 17 ni hila, miaka 15 ni halali: sisi hatuoni mpaka uko wapi baina ya hizo mbili, na tunadhani hata waliouchora hawakuuona vizuri.

Yafaa hapa tutofautishe hila na ujinga wa kawaida. Iko timu huko New York iitwayo Islanders, yaani Watu wa Visiwani, jina ambalo lingetufanya tuipende kwa undugu. Mwaka 2006 timu hiyo ilimpa mlinda lango Rick DiPietro mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5, mshahara ukiwa sawasawa mwaka hadi mwaka, milioni 4.5. Hapakuwa na mkia wa kudanganyia. Walimwamini tu kijana ambaye majeraha yalikuja kumwandama. Mwaka 2013 waliuvunja mkataba kwa ahadi ya kumlipa milioni 1.5 kila mwaka kwa miaka 16. Wamecheka waliocheka, lakini hao walipotea njia mchana kweupe, na hesabu yao ilisomeka. Wale wengine waliandika karatasi isemayo jambo moja huku pande zote mbili zikijua jambo jingine.

Hatimaye ligi ikaamua kuufunga mlango. Baada ya mgogoro mwingine uliopunguza msimu wa 2012-13 hadi michezo 48 kwa kila timu, mapatano mapya ya mwaka 2013 yaliweka kwamba mkataba hautazidi miaka 8 kwa mchezaji anayebaki na timu yake, au miaka 7 kwa anayehamia kwingine. Mshahara nao ukawekewa masharti: usibadilike kwa kiasi kikubwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na mwaka wa chini kabisa usiwe pungufu ya nusu ya mwaka wa juu kabisa. Hayo yote tunayaunga mkono. Ni kanuni zinazotazama mbele, na kila anayetia saini anajua anatia saini juu ya nini.

Lakini waliongeza na jingine linalotazama nyuma. Walisema kwamba mikataba mirefu iliyokwisha kutiwa saini zamani, ikiwa mchezaji atastaafu kabla ya kuimaliza, timu iliyofaidika itarudisha faida hiyo: tofauti baina ya fedha alizolipwa na wastani uliohesabiwa itakatwa katika ukomo wa timu, ikigawanywa kwa miaka iliyobaki. Na hapa ndipo tunapotofautiana nao. Mikataba hiyo haikuandikwa kwa siri. Ilipelekwa ofisini kwa ligi, ikachunguzwa, ikasajiliwa. Mwenye mamlaka ya kusema hapana alisema ndiyo, au alinyamaza, na kunyamaza kwa mwenye muhuri ni kukubali. Kisha miaka ikapita, akarudi na kitabu cha madeni.

Wapo watakaojibu kwamba waliofaidika walijua wanachokifanya, na kwamba mwizi wa jana hana haki ya kulalamika leo. Tunaielewa hoja hiyo. Ila ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba si wote walioadhibiwa walikuwa wameandika hila wenyewe. Tumtazame Shea Weber. Mwezi wa Julai mwaka 2012 Philadelphia Flyers walimtolea ahadi ya miaka 14 na dola milioni 110, kwa makusudi ikiwa na fedha nyingi mwanzoni, milioni 14 kwa kila mwaka wa miaka minne ya kwanza, ili timu yake ya Nashville Predators, isiyokuwa na mfuko mzito, ishindwe kuilinganisha. Nashville wakajifunga kibwebwe, wakailinganisha. Waliukubali mkataba ulioandikwa na mpinzani wao ili wasimpoteze nahodha wao. Miaka minne baadaye, mwaka 2016, walimpeleka Montreal wakiwa wamemlipa milioni 56, ilhali hesabu ya ukomo ilionyesha milioni 31.4 hivi. Chini ya kanuni ya 2013, lau Weber angestaafu ukiwa umebaki mwaka mmoja tu, Nashville wangekatwa takriban dola milioni 24.5 kwa msimu mmoja. Hiyo si faini, ni kuivunja timu. Na uamuzi ungekuwa mikononi mwa mtu aliyekwisha kuondoka, anayeitumikia timu nyingine. Ligi yenyewe iliona aibu ya jambo hilo, na mwaka 2020 ikabadilisha kanuni ili makato ya mwaka mmoja yasizidi wastani wa mkataba.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kanuni hiyo ililitia bei neno la kustaafu.

Mwezi wa Juni mwaka 2019 Luongo, ambaye tangu mwaka 2014 alikuwa Florida Panthers, alitangaza kwamba amestaafu. Alikuwa na umri wa miaka 40, na nyonga yake ilikuwa imekwisha kupasuliwa. Katika misimu tisa ya mkataba ule alikuwa amelipwa takriban dola milioni 60.4, na hesabu ya ukomo ilionyesha milioni 48. Tofauti ya milioni 12.4 ikaanguka juu ya vichwa vya timu mbili: Vancouver wakakatwa zaidi kidogo ya milioni 3 kila msimu kwa misimu mitatu, na Florida milioni 1.09 kila msimu. Wachezaji waliokuwa watoto wa shule mkataba ule ulipoandikwa walipunguziwa nafasi ya kulipwa kwa sababu yake.

Sasa linganisheni na Hossa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba maradhi ya ngozi, na madhara ya dawa alizotumia kuyazuia, yanamzuia kucheza. Hatuna shaka juu ya maradhi yake, wala si tabia yetu kumdhania mgonjwa uongo. Tunachosema ni kwamba hakuandika barua ya kustaafu. Alibaki mchezaji mwenye mkataba, katika orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Timu yenye mtu katika orodha hiyo huruhusiwa kuuvuka ukomo ili kuliziba pengo lake. Kwa hiyo Chicago hawakukatwa hata senti moja ya kurudisha faida. Mwaka 2018 mkataba wake ukapelekwa Arizona Coyotes. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo katika orodha ya mwaka 2020, ilhali kwa karatasi alikuwa bado ni mchezaji wa Arizona, timu ambayo hakuichezea hata dakika moja.

Watu wawili walioumia, wenye mikataba ya mwaka mmoja na ya urefu mmoja. Aliyesema waziwazi kwamba kazi imekwisha aliziletea timu zake makato. Ambaye hakulitamka neno hilo aliiacha timu yake salama. Kanuni inayomfanya mkweli awe ghali na mnyamavu awe rahisi haina budi kuzaa wanyamavu. Na ndivyo ilivyokuwa. Weber mwenyewe alicheza mara ya mwisho katika fainali ya mwaka 2021, lakini hakustaafu rasmi. Mkataba wake, ulioandikwa hadi mwaka 2026, ulipita Las Vegas, Arizona, Utah na Chicago bila miguu yake kugusa barafu ya mji wowote kati ya hiyo kwa mchezo, na mwaka 2024 naye aliingia katika Jumba la Heshima.

Kisa cha Chris Pronger kingekuwa cha kuchekesha kama kisingekuwa cha kusikitisha. Philadelphia walimpa mkataba wa miaka saba wenye mkia wa dola 525,000 katika kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho. Wakasahau kwamba utakapoanza atakuwa ametimiza miaka 35, na kwa hiyo kustaafu hakutawafaa kitu. Mwaka 2011 aliumia jicho na kichwa, asicheze tena. Hakustaafu. Mwaka 2014 ligi ilimwajiri katika idara yake ya usalama wa wachezaji, ile inayowaadhibu wenye kucheza rafu, huku akiwa bado ni mchezaji wa Philadelphia kwa karatasi. Ikabidi iwekwe sharti kwamba hatagusa mashauri ya timu hiyo. Hakimu anayelipwa na mmoja wa wadai! Na ligi ile ile iliyokuwa ikipigania heshima ya mikataba ndiyo iliyomkabidhi ofisi.

Kwa nini Arizona imetajwa mara nyingi? Kwa sababu ya mpaka wa chini tulioutaja mwanzoni. Timu maskini inalazimika kufikia kiasi fulani cha mishahara, na njia rahisi ni kupokea mkataba wa mtu asiyecheza: wastani wake ni mkubwa katika hesabu, ilhali fedha zenyewe zilizobaki ni chache, na mara nyingi sehemu kubwa hulipwa na bima. Ndivyo Arizona ilivyompokea Pronger mwaka 2015, na mwaka 2016 Pavel Datsyuk, aliyekuwa amerudi kwao Urusi na kuiachia Detroit hesabu ya dola milioni 7.5. Mpaka uliowekwa ili timu ndogo ziajiri wachezaji wazuri ukatimizwa kwa majina ya watu waliokwisha kuondoka. Timu hiyo yenyewe haipo tena Arizona. Mwaka 2024 ilihamishiwa Utah.

Sasa turudi kwenye sharti tuliloomba liwekwe akilini. Maadam sehemu ya wachezaji wote ni moja na haiongezeki, na tangu 2013 ni nusu ya mapato, basi timu inapomlipa nyota wake milioni 14 na kuhesabu chini ya 8, zile zinazobaki hazikutoka hewani. Zinaingia katika jumla ya fedha zilizolipwa, jumla inavuka nusu, na kinachozidi hukatwa katika mishahara ya wote, akiwamo kijana wa kikosi cha nne anayepata kima cha chini na ambaye huenda asicheze miaka mitatu. Magazeti ya huko yaliwalaumu wenye timu na mawakala, na ilikuwa haki. Kijana huyu hakuandikiwa mengi. Chama chake cha wachezaji kilimtetea Kovalchuk mbele ya Bloch. Hatujui ni nani aliyemtetea yeye.

Kovalchuk mwenyewe, tumalizie habari zake. Mwaka 2013, baada ya misimu mitatu tu ya ile kumi na mitano, alitangaza kustaafu akaenda kucheza St. Petersburg, akiacha dola milioni 77 mezani. New Jersey walikatwa dola 250,000 kila msimu. Mwaka 2018 "mstaafu" huyo alirudi katika ligi ile ile akiwa na Los Angeles, akafunga mabao, na New Jersey wakaendelea kukatwa hadi msimu wa 2024-25.

Mapatano yaliyoridhiwa mwaka 2025, ya kipindi cha kuanzia Septemba 2026 hadi 2030, yamepunguza urefu wa mikataba kwa mwaka mmoja, kuwa miaka 7 na 6, na yameibana orodha ya majeruhi, hasa wakati wa michezo ya mtoano, ambapo hapo kabla ukomo ulikuwa hauhesabiwi kabisa. Ni hatua njema. Lakini wastani umebaki. Sisi kwa maoni yetu tungaliona ni bora kila timu ihesabiwe kile ilicholipa katika mwaka ilipokilipa, hata kama hesabu itapanda na kushuka na mameneja watapata tabu ya kupanga. Wenye timu wanaupenda wastani kwa sababu unawapa utulivu, na wachezaji mashuhuri wanaupenda kwa sababu unawapa fedha mapema. Wasomaji wetu walio maofisini, wanaopelekewa mikataba ya miaka kumi na zaidi yenye miaka ya mwisho minono au mikavu isivyo kawaida, wataijua wenyewe miaka ya kuisoma kwanza.